Barua ya wazi kwa mnaoleta wageni wa bure ziwani: mafuta ya boti analipa nani?

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia kutangaza utalii Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria,

YAH: SAFARI ZA BURE ZA WASHAWISHI WA MITANDAONI NA MADENI MLIYOTUACHIA MWALONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni nahodha. Nina boti moja ya mbao yenye mashine ya farasi 40 na turubai ambalo zamani lilikuwa la bluu. Kwa miaka 24 nimebeba kila aina ya mtu: wachuuzi wa dagaa wa Kayenze, maharusi wanaotaka picha za machweo, wanafunzi, Wazungu wanaosubiri ndege ya jioni, na usiku mmoja maiti ya jirani yangu tuliyokuwa tunamrudisha kwao kisiwani. Sijawahi kumwandikia kiongozi barua ya hadharani. Naandika hii kwa sababu zile za faragha zimeniishia.

Nilipiga simu mpaka dada wa mapokezi akawa ananiita "baba boti". Nikaandika barua, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, na nakala ninayo. Nikaandika ya pili, safari hii nikataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Siku 30 zikapita, zikafuata nyingine 30. Nikaja mwenyewe: mkubwa yupo kikaoni. Nikarudi: mkubwa yupo Dodoma. Mwisho nikauliza kwenye lile kundi la WhatsApp mlilotuunganisha "wadau wote". Tiki zikageuka bluu, na kabla ya adhuhuri nikaona nimeondolewa kundini. Mdau gani huyo anaondolewa kwenye kundi la wadau kwa kuuliza habari ya petroli?

Kwa msomaji ambaye hakuwepo, habari yenyewe ni hii. Ndani ya miezi minane mlileta misafara mitatu ya vijana maarufu wa mitandaoni, wengi kutoka Dar es Salaam, waje wapige picha, waposti, na watu wajue kwamba Kanda ya Ziwa ipo. Wazo hilo silipingi hata kidogo. Tumenung'unika miaka mingi kwamba mtalii akishuka nchini anapelekwa Kilimanjaro, Ngorongoro na Zanzibar, wakati lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti lipo kwenye barabara hii hii ya Musoma, na mtu anaweza kulala Mwanza, akaondoka alfajiri, na asubuhi hiyo hiyo akawa anatazama wanyama.

Siku mbili kabla ya kila msafara ulikuja ujumbe: "Wadau, tunaomba ushirikiano wenu." Ziwani nimeyazoea maneno mengi ya hatari, kuanzia "mawingu tu hayo" hadi "mashine itawaka sasa hivi". Siku hizi hakuna ninaloliogopa kama ushirikiano.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Bure yenu ina mlipaji, na mlipaji ni mwalo, yaani sisi tunaofanya kazi hapa boti zinapoegeshwa.

Kwa misafara hiyo mitatu boti yangu peke yake ilichoma lita 165 za petroli. Ni karibu laki tano, na hapo sijahesabu oili, wala siku tatu ambazo sikupakia abiria wa kulipa. Tulikuwa boti tatu. Ninalo daftari la kaunta ambalo nimeandika kila kitu, jina na saini ya kila anayedai: wenye boti 1,150,000, kikundi cha ngoma 600,000 za nauli na posho, mama lishe mmoja 270,000, vijana wawili waliosafisha ufukwe na kubeba masanduku 120,000. Jumla 2,140,000. Kwa ofisi, hela hiyo ni semina ya siku moja yenye chai ya saa nne. Kwa mwalo ni ada, ni kodi, ni nyavu.

Huyo mama lishe mruhusu nimsimulie kidogo. Aliambiwa aandae sato kwa wageni 14. Hakuwa na mtaji wa sato 14 wakubwa, akawachukua kwa wavuvi mali kauli, kwamba atalipa jioni. Aliamka saa tisa usiku. Akaparua magamba yote, akachanja, akatia chumvi na ndimu, akakaanga mpaka ngozi ikawa rangi ya shaba, na pembeni akaweka michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, kwa sababu alitaka wageni waonje Usukuma wenyewe. Wageni wakafika saa nane. Wakainamia karai na simu zao, wakarekodi mafuta yanavyochemka, mmoja akaomba samaki ageuzwe tena polepole, akageuzwa. Walikula wawili tu. Wengine walikuwa wameshapata chakula cha mchana hotelini. Jioni wavuvi walikuja kudai chao, na mama huyu anawalipa kidogo kidogo mpaka leo, elfu tano, elfu kumi.

Linalotuuma zaidi ni hili. Dereva wa Kosta alilipwa. Aliniambia mwenyewe, hata karatasi ya malipo akanionyesha. Hoteli ililipwa. Mwenye droni alilipwa. Kila aliyekuwa na risiti yenye muhuri alilipwa. Walioombwa uzalendo ni wale wasio na kitabu cha risiti peke yao.

Wala msidhani nawaonea wivu vijana wenu. Msafara wa pili, kijana mmoja mwenye wafuasi laki nane alikaa na mimi nyuma karibu na mashine, wenzake wakiwa mbele wanapigana picha. Nikamuuliza hivi mnalipwa kiasi gani? Akacheka. Akasema kapewa tiketi, kitanda na soda, na kaahidiwa kwamba safari hii itamwongezea jina. Watu laki nane wanamjua, na bado analipwa kwa kuahidiwa kujulikana! Nilimhurumia. Nikampa kipande cha muhogo.

2. Mlichokuja kutangaza hakikutangazwa.

Nimezitazama video zote, na binti yangu amenisaidia kuzitafuta. Nyingi zaidi ni za Jiwe la Bismarck, upande ule ule, jua lile lile, na maneno yaliyoandikwa juu yake ni "Maldivi ya Bongo". Mwingine ameliita ziwa letu bahari. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba jiwe lile lina jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi hata kulikanyaga, wala kwamba sisi tunaoliona kila siku tuna maswali yetu kuhusu jina hilo. Hakuna aliyesema boti zinapatikana wapi, kwa bei gani, saa ngapi. Asubuhi ziwa huwa shwari na alasiri upepo huamka. Hilo tu, mgeni akilijua, tayari siku yake imeokoka.

Kisiwa cha Saanane kipo pale mbele ya mtaa wa Capri Point, mtu anakiona akiwa amekaa kwenye kibaraza. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikapewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kinaitwa kwa jina la mzee aliyekuwa akiishi na kulima humo kabla ya yote. Kuna pimbi wanaoota jua kwenye miamba, kuna swala pala, kuna mamba. Ni hifadhi ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwapeleka watoto na kurudi kabla ya jioni. Kwenye video zenu Saanane imepata sekunde nne, na katika sekunde hizo nne dada mmoja anarekebisha kofia.

Kisiwa cha Rubondo hakikutajwa kabisa. Kule, kati ya mwaka 1966 na 1969, waliletwa sokwe waliokuwa wamefungiwa kwenye vizimba vya Ulaya, wakaachiwa msituni. Watoto na wajukuu zao wanaishi humo leo kama sokwe wengine wa porini, na kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Niambieni, hadithi hiyo inahitaji kofia?

Kuhusu ngoma nitasema kwa upole, maana waliodhalilishwa ni wazee. Mliwatoa wachezaji huko upande wa Kisesa. Kisesa ndipo ilipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement kutoka Canada, yenye ngoma za watemi na jengo lenye umbo la kiti chao cha enzi. Wachezaji wa kwetu si watu wa kuchezacheza tu. Kuna Bagika na kuna Bagalu, pande mbili zinazoshindana tangu enzi za mababu, na kila Juni kwenye sherehe za Bulabo huko Bujora watu hufurika kuona upande gani utavuta watazamaji wengi. Wachezaji wana dawa zao, wana nyimbo za mafumbo, wana chatu. Ninyi mkawapanga nyuma. Dada mshawishi akasimama mbele, akawapa mgongo, akacheza mtindo wake wa mtandaoni kwa wimbo uliokuwa ukitoka kwenye simu, na wazee wakawa kama pazia. Mzee mmoja wa karibu miaka 70, chatu shingoni, jasho linamtoka, aliambiwa asogee kushoto kidogo kwa sababu anaziba mwanga. Akasogea. Baadaye aliniuliza kwa Kisukuma kama hawa watoto wamefiwa, mbona hawatazami ngoma.

3. Jaketi okozi.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mniwie radhi nikipandisha sauti.

Msafara wa tatu tulikuwa mbali na ukingo, watu 12 ndani ya boti yangu. Wakataka kuvua jaketi zote kwa pamoja kwa ajili ya picha, kwa sababu rangi ya chungwa "inaua mavazi". Nikakataa. Mmoja wenu, aliyekuwa amewasindikiza, akanivuta pembeni, kama boti ina pembeni, akaniambia, "Mzee, usituharibie kazi, ni dakika mbili tu." Nikamjibu ziwa halina saa. Nikazima mashine, nikasema tutakaa hapa mpaka zivaliwe. Zikavaliwa. Boti ya jirani nahodha wake ni kijana, anaogopa wakubwa, akakubali. Picha ile ndiyo iliyopendwa kuliko zote: vijana wanane wamesimama mbele ya boti ndogo, mikono juu, hakuna jaketi hata moja, na maneno chini yake yanasema "Mwanza inaishi".

Waheshimiwa, mnajua makaburi ya Igoma yamejaa akina nani. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika hapa na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikitokea Bugolora, wakafa watu zaidi ya 220, na wengi wao walikuwa wanaona nchi kavu kwa macho. Tangu hapo tumehubiriwa, na vizuri tumehubiriwa, na wakaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wakija mwaloni wanatuhesabia jaketi moja moja. Boti yangu imewahi kuzuiwa siku nzima kwa jaketi mbili zilizochanika. Nilikubali, nikanunua nyingine. Leo ofisi inayobeba jina la utalii inasambaza picha ya watu wamesimama boti ikienda, bila jaketi, halafu inaishea kwenye ukurasa wake. Jumapili iliyofuata nilipata vijana sita wa hapa hapa mjini. Nilipowapa jaketi wakanionyesha hiyo picha.

4. Kichocho.

Video moja inawaonyesha wakirushiana maji kwenye magugu, magoti ndani, wanacheka. Niliwaambia pale pale kwamba maji ya kando yenye magugu yana konokono, na konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Wakitaka kuoga niwapeleke mahali pengine. Maneno yangu yalikatwa. Mtoto wa Tabora akija na kuiga, dawa atanunuliwa na mama yake.

5. Mtazamaji haambiwi kwamba hii ni safari ya kulipiwa.

Mtu anayetazama video anaamini kwamba dada yule alitoa hela yake, akaja, akapenda. Kumbe kaletwa. Nchi za wenzetu wameshalitazama hili. Marekani, tume yao inayosimamia biashara iliandika tangu mwaka 2009 kwamba aliyepewa kitu bure ili akisifie lazima aseme. Ufaransa ilitunga sheria Juni 2023 inayomtaka mshawishi aandike bayana kwamba hili ni tangazo. Na kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mimi si mwanasheria, lakini kuandika "nimegharamiwa safari hii" ni maneno matatu. Hayaharibu picha.

6. Hakuna anayehesabu kilichopatikana.

Niliuliza kwenye barua ya kwanza: baada ya misafara mitatu wameongezeka wageni wangapi? Hamkujibu, basi nitoe hesabu yangu. Waliokuja kwenye boti yangu wakisema wameona video zile ni wawili. Wa kwanza alilipa. Wa pili aliuliza, "Wewe si ndiye wa kwenye video?" Nikasema ndiye. Akaniambia naye ana wafuasi elfu sita, nimzungushe bure na yeye atanitaja.

Sasa sikieni habari ya pili. Mwaka jana alikuja binti mmoja mwalimu, kutoka Shinyanga, peke yake, akalipa nauli kama watu wote. Njia nzima aliuliza: hii ndege inaitwaje, kwa nini dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, sangara alitoka wapi. Akavaa jaketi, akaifunga mwenyewe. Usiku akaweka video ya dakika tatu, imetikisika hapa na pale, akataja bei yangu, mahali pa kupandia, saa nzuri ya kuja, na kwamba choo cha mwaloni hakina sabuni (kweli, hakina). Wafuasi wake wala si wengi. Mwezi ule nilipata makundi manne yaliyosema "tumeona kwa mwalimu", moja likiwa familia nzima na bibi yao, wamepita na basi kutoka Kahama. Ofisi yenu haijawahi kumtafuta binti huyo. Namba yake ninayo, nikimwomba ruhusa nitawapa.

Najua mtakachosema, maana baadhi mmeshakisema mlangoni.

Mtasema mlikubali wenyewe, hakuna aliyewashika mkono. Ni kweli. Tulikubali kwa sababu aliyetuomba ni yule yule ambaye kesho anaweza kutuita kwenye maonyesho au kutusahau. Mwenye boti ya mbao anaposikia "ofisi inaomba", sikio lake halisikii ombi. Na tuliambiwa, kwa mdomo, kwamba mafuta yatarudishwa. Kijana aliyetuambia hivyo anajijua.

Mtasema bajeti ni ndogo. Basi leteni wageni watatu badala ya 14, mlipe sato watatu.

Mtasema matunda ya matangazo huchelewa. Sawa, mwembe nao huchelewa. Ila mwenye mwembe anajua aliupanda lini na wapi, na anapita kuutazama. Hata daraja la Kigongo–Busisi, kilomita zipatazo 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, tulijua linajengwa na nani na limefika wapi. Safari zenu hazina hata karatasi moja ya taarifa iliyobandikwa ukutani.

Mtasema duniani kote ndivyo inavyofanyika. Si kote. Mwaka 2018 mwenye hoteli moja ya Dublin, Ireland, aliandikiwa na binti wa mitandaoni akiomba kulala bure ili amtaje. Alimjibu hadharani, kwa ukali ambao mimi nisingeutumia kwa mtoto wa mtu, lakini aliuliza swali ambalo na mimi ninalo: wafanyakazi watakaokuhudumia nitawalipa nini? Yeye alikuwa na mlango wa kuufunga. Sisi mlituletea wageni hadi ndani ya boti, kisha mkatuambia tutabasamu.

Na kuna wanaosema chini chini kwamba nahodha huyu ametumwa. Nimetumwa, ndiyo. Nimetumwa na wavuvi wanaomdai mama lishe, na mama lishe ananidai mimi kwa sababu ni mimi niliyemwambia hawa ni watu wa serikali, watalipa. Kila asubuhi napita mbele ya banda lake kwenda kwenye boti yangu. Salamu yake imepungua urefu.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Madeni ya 2,140,000 yalipwe, kila mtu kwa jina lake na simu yake, si kupitia mtu mmoja "atakayegawa". Daftari liko tayari kukaguliwa hata kesho.

(b) Kabla ya msafara wowote mwingine, kila mnayemwomba huduma apewe karatasi: nani analeta nani, lini, wangapi, nani analipa na lini. Mafuta yalipwe kabla mashine haijawashwa. Mnaotaka tujitolee, semeni "kujitolea", tuchague.

(c) Orodha ya waliokwisha kuletwa, gharama za kila msafara na walichoahidi kuposti ibandikwe mahali tunapoweza kuisoma. Hili si ombi la hisani, nilishaliomba kwa sheria.

(d) Picha za watu wasio na jaketi ziondolewe kwenye kurasa zenu leo. Hili halihitaji kikao.

(e) Nusu ya nafasi wapewe vijana wa huku. Wapo Igombe, wapo Kirumba, wapo Nansio, wana simu na wana macho. Wanajua jiwe lipi lina hadithi. Wakikosea jina la kijiji, shangazi zao watawapigia simu usiku huo huo, na hakuna mhariri mkali kuliko huyo.

Jibu naliomba kwa maandishi ndani ya siku 30. Mkinijibu vizuri nitalibandika kwenye ukuta wa banda la mizani hapa mwaloni, palepale nilipobandika barua hii, na nitasema ahsante kwa sauti. Wabeja, ndiyo ahsante ya Kisukuma.

Nimesikia msafara wa nne umepangwa mwezi ujao. Siku zake zote boti yangu itakuwa Kayenze kupakia dagaa. Dagaa wanalipiwa nauli.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Nahodha,
kwa niaba ya wenye majina tisa kwenye daftari la kaunta,
Mwanza.

Nakala:
Wenye boti wote, mwaloni.
Kikundi cha ngoma, Kisesa.
Mama wa sato.
Kijana wa wafuasi laki nane, popote alipo, kama naye hajalipwa.